Bei ya Kanga Kumi na Watatu

Usiku wa jana niliota kanga wangu wanashuka kwenye picha mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaotoka msikitini kila mmoja akitafuta viatu vyake.

Nasema kanga wale ndege wa porini wenye madoa meupe. Nilikuwa nimewachora kumi na watatu kwenye kitambaa cha marekani, futi tatu kwa futi mbili, wote wanaelekea kushoto. Madoa yao niliyapiga moja moja kwa ncha ya kijiti cha chelewa cha ufagio, kwa sababu brashi yangu ndogo kuliko zote bado ni kubwa. Picha ilikuwa imeegemea ukuta karibu na kitanda changu, inamsubiri Mama Shechambo, mwenye nyumba ya wageni hapa Muheza. Alikuwa amesema atakuja asubuhi kuichukua.

Alisema kuichukua. Bei hatukuongea. Mimi ndiye niliyeshindwa kuongea.

Mwezi uliopita fundi mmoja wa redio aliipenda picha yangu ya twiga wawili, akaniuliza bei. Nikaangalia chini, nikachora ardhi kwa kidole gumba cha mguu, nikasema, "Nipe chochote tu." Kwetu msichana akimtajia mtu mzima bei usoni anaonekana hana adabu, au labda ni mimi niliyejiaminisha hivyo. Fundi akanipa elfu nne, pamoja na nusu ya mkungu wa ndizi. Kitambaa, mbao na rangi vilikuwa vimenila elfu kumi na nane.

Shangazi Mboni, ambaye nakaa kwake, alihesabu ndizi, akahesabu pesa, akasema, "Kwa hiyo umemlipa mtu akubebee picha yako."

Kisha akasema tena, bila kugomba, na hilo ndilo lililoniuma: "Mwantumu, hii ya kanga iwe ya mwisho. Isiporudisha hata hela ya rangi, Jumatatu unakwenda kupanga machungwa kwenye matenga na wenzako. Kule hawakuulizi bei. Wanakwambia."

Basi nikalala na hayo kichwani.

Sasa ni asubuhi, ila jua limewekwa juu ya bati la choo kama ungo ulioanikwa. Nimesimama uani na picha yangu. Mama Shechambo anaingia. Anaingia watatu.

Sishangai. Mmoja ni wa kuuliza bei, mmoja ni wa kushtuka, na mmoja ni wa kujifanya anaondoka. Wamevaa magauni yanayofanana. Mkoba ni mmoja tu, wanaubeba kwa zamu.

"Bei gani, mwanangu?" anauliza wa kwanza.

"Utakachojaliwa, mama."

"Mungu wangu!" Wa pili anajishika kifua. "Ghali hivyo!"

Wa tatu tayari yuko kwenye geti. "Twendeni zetu," anasema, lakini miguu yake inatembea palepale.

"Nitapunguza, mama," nasema haraka.

Hapo kanga wa kwanza akainua mguu mmoja, akautoa nje ya picha, akaujaribu mchanga kama mtu anayepima maji ya kuoga. Akatoa na wa pili. Akajikung'uta.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Umesema unapunguza," akanijibu. "Ulidhani unapunguza nini?"

Akakatiza uani akaelekea banda la kuku.

"Bado ghali," akasema Mama Shechambo wa pili, na bado hakuna aliyetaja namba yoyote.

"Nitapunguza tena."

Akashuka wa pili, na wa tatu. Wa nne alikuwa amembeba wa tano, sijui kwa nini. Nilikuwa najua kabisa kinachotokea, lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea. Kila Mama Shechambo wa tatu alipopiga hatua palepale, mimi nilisema nitapunguza. Kanga wakaisha. Nyasi zikajing'oa, zikajifunga mzigo, zikaondoka. Anga langu la njano likajikunja kama mkeka. Mwisho ukabaki ubao mmoja wa fremu na kitambaa cheupe, kama siku niliyokinunua.

"Hapo sasa tunaelewana," wakasema wote watatu.

Wakafungua mkoba wakanilipa. Walinipa ndala moja ya mguu wa kushoto, nusu kitunguu, na mfuniko wa sufuria.

"Mama, hii siyo pesa."

"Ndicho tulichojaliwa," akasema wa kwanza. Wa pili akashtuka kwamba nimethubutu kuuliza.

Nikaangalia chini. Kidole gumba cha mguu wangu kikaanza kuchora ardhi kama kawaida yake, ila safari hii hakikuacha. Kikachimba mchanga, kikachimba udongo mwekundu, kikapita bomba la maji na kijiko cha shangazi kilichopotea tangu mfungo wa mwaka juzi. Shimo likanifika magotini. Likanifika kiunoni.

"Samahanini," nikawaambia, nikadondoka.

Niliangukia dawatini. Ni darasa la tano, lilelile nililoliacha katikati ya muhula, na dawati langu bado lina doa langu la wino. Ila mwalimu hayupo. Juu ya meza yake imekaa futi ya chuma ya fundi seremala, ile ya kuvuta, yenye ulimi mrefu wa njano. Ikitaka kusema inatoa ulimi. Ikimaliza, ulimi unarudi ndani kwa kishindo, paa!

"Jina?" inauliza.

"Mwantumu."

"Kazi?"

"Nachorachora tu."

Paa! "Unachora mara mbili halafu unasema 'tu'? Sema mara moja."

"Nachora."

"Haya. Umechelewa. Watu wako wanakusubiri tangu mwezi uliopita."

Nikageuka. Kwenye madawati wamekaa watu thelathini, wanaume kwa wanawake, miguu ina vumbi, kila mmoja na chupa yake ya maji, kama vibarua siku ya malipo.

"Shikamooni," nikasema, kwa sababu wengine walionekana wakubwa kwangu.

"Marahaba. Sisi ni saa zako," akasema mama mmoja wa mbele. "Saa thelathini ulizotumia kwenye picha ya kanga. Mimi ndiye niliyepaka anga la njano. Tumekuja kuchukua chetu."

"Mimi nimepiga madoa tu," akasema mzee mmoja. "Kutoka shingo ya kanga wa nne mpaka mkia wa kanga wa tano. Mgongo hauna kazi tena."

Kijana mmoja alikuwa amejinyoosha kwenye dawati, mikono nyuma ya kichwa.

"Na wewe umefanya nini?" nikamuuliza.

"Mimi ni ile saa uliyokaa unaitazama picha, hukushika brashi."

"Kwani na wewe unalipwa?"

"Dada, mimi ndiye niliyeona kwamba kanga wa saba ana miguu mitatu."

Ilikuwa kweli. Niliufuta mguu mmoja siku ileile.

Mlango ukafunguliwa, yakaingia makopo ya rangi, mbao za fremu na kitambaa. Hawa hawakusema mengi. Vitu vya dukani vinajua bei yake, havina aibu. Vikajipanga, vikajihesabu, vikasema kwa sauti moja, "Ishirini na nne elfu," vikatoka nje kupunga upepo.

"Tumemaliza rahisi," ikasema futi. "Sasa hawa vibarua. Kule kwenye machungwa mtu analipwa ngapi kwa siku?"

"Elfu nane kwa saa nane."

"Elfu moja kwa saa. Na mkono wako unajua zaidi ya kupanga machungwa, au haujui?"

Niliona haya kujibu. Lakini mkono wangu wa kulia ukanyooka wenyewe juu, kama mwanafunzi anayejua.

"Unajua," ukasema mkono.

"Elfu moja na mia tano basi," ikasema futi. "Kwa kuanzia. Saa thelathini ni elfu arobaini na tano. Ongeza elfu sita za kununulia kitambaa kingine, maana picha isiyoacha hela ya picha inayofuata imekuja kukuaga. Jumla?"

Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. "Elfu sabini na tano."

Darasa zima likapumua. Hata mimi nikapumua, kisha nikaogopa.

"Ni nyingi mno," nikasema. "Mimi hakuna anayenijua."

"Ndiyo maana nimesema kwa kuanzia. Siku picha zako zikianza kuondoka kabla hazijakauka, njoo tuongeze. Hatuongezi kwa sababu una njaa, wala hatupunguzi kwa sababu una aibu." Futi ikateremka mezani, ikajivuta mpaka kwenye ubao, ikaandika kwa ncha ya ulimi. "Futi tatu kwa mbili ni miraba sita. Kila mraba wa futi moja ni elfu kumi na mbili na mia tano. Ukichora kubwa, hesabu hiyohiyo. Ukichora ndogo, hesabu hiyohiyo. Akija mgeni, hiyohiyo. Akija jirani, hiyohiyo."

Mjomba wangu, ambaye huwa hakosi palipo na vya bure, akaingiza kichwa dirishani. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akatoa kichwa.

Nilikuwa naandika hayo kwenye kiganja ndipo nilipoona, nyuma kabisa ya darasa, shingo mbili zimeinama kwa sababu dari ni fupi. Walikuwa twiga wangu wawili. Rangi yao ilikuwa imepauka upande mmoja.

"Hamjambo?" nikawaambia. Sauti ilinitoka ndogo.

"Hatujambo. Tuko jikoni kwa fundi."

"Amewatundika jikoni?"

Twiga mkubwa akamtazama mwenzake. "Kioo cha dirisha kilivunjika," akasema. "Ametutumia kuziba."

"Lakini alisema amewapenda!"

"Alitupenda kweli," akasema mdogo. Hakuwa na hasira. "Siku ya kwanza alituweka sebuleni. Halafu wageni wakamuuliza bei, akasema elfu nne. Kitu cha elfu nne, Mwantumu, mtu hakitundiki muda mrefu. Mvua ikinyesha anakumbuka dirisha."

Niliwapangusa vumbi kwa ncha ya kitenge changu mpaka nikafika magotini mwao, na nilipoinua kichwa darasa lilikuwa limeondoka, limebaki ua wetu, na jua juu ya choo, na wale Mama Shechambo watatu wananisubiri.

Kitambaa changu kilikuwa bado kitupu.

"Bei gani, mwanangu?" anauliza wa kwanza.

Najua bei. Tatizo ni kwamba bei iko tumboni na ina ukubwa wa fenesi, na njia ya kutokea ni mdomo wangu. Naisukuma. Inafika kooni, inakwama kwa miba yake.

"Sabi..." nasema.

"Umesema sabini?" Wa pili anaanza kujiandaa kushtuka, anatafuta mahali pazuri pa kuangukia.

Kidole changu kinaanza kuchimba. Futi, ambayo sasa iko kwenye mfuko wa gauni langu, inatoa ulimi, inakizungushia kidole mara tatu na kukaza.

"Toka na bei," inasema. "Shimo tumeshalijua linakokwenda."

Nikawafikiria twiga. Nikafunga macho.

"Elfu sabini na tano!"

Ilitoka. Ilianguka katikati ya ua, ikadunda mara moja, ikatulia. Mama Shechambo wa pili alishtuka mpaka kiatu kikamvuka. Wa tatu akaelekea getini, na safari hii miguu yake ilikuwa inakwenda kweli.

"Mama, lakini ni..." nikaanza.

Paa! "Nyamaza," ikasema futi. "Ukishataja bei, anayesema tena ndiye anayepunguza. Mwache aseme yeye."

Kimya kikaja kukaa kati yetu. Kilikuwa kikubwa kama ng'ombe, na kilikuwa kinapumua. Kilinitazama kwa karibu sana. Kwa maisha yangu yote, kimya kama hicho nikikiona nakipa maneno ili kiondoke. Sasa nimebana midomo, machozi yananitoka kwa kazi ya kunyamaza.

Kuku wa jirani akaingia uani, akataga yai. Yai likaanguliwa. Kifaranga kikakua, kikawa jogoo, kikawika, kikatuaga wote kwa heshima, kikaondoka kwenda kuanza maisha yake Korogwe.

Mama Shechambo wa tatu akafika getini. Akasimama. Akageuka. Akarudi polepole, akapita ndani ya yule wa pili, na wote wawili wakaingia ndani ya wa kwanza. Akabaki mmoja, ameshika mkoba wake mwenyewe.

Nikasikia miguu midogo nyuma yangu. Kanga walikuwa wanatoka banda la kuku kwa mstari, midomo imejaa pumba za shangazi. Mmoja mmoja wakarudi kwenye kitambaa. Anga likajitandika, nyasi zikajifungua mzigo wao, kila kanga akatafuta nyayo zake, akasimama, akaelekea kushoto. Kumi. Kumi na mmoja. Kumi na wawili.

Wa kumi na tatu hakuwepo.

Mama Shechambo akavuta pumzi ili aseme. Mlango wa banda ukagonga, kanga wa mwisho akatoka mbio, mdomo bado unatafuna, akaruka, akaingia kwenye picha kwa kinyumenyume kama mtu anayewahi gari, na rangi ikafunga.

"Geuka!" nikamnong'oneza. "Unaangalia kulia!"

"Rangi imeshakauka," akasema. "Usinipunguze tena."

Mama Shechambo akafungua mdomo, na nikaamka.

"Mwantumu!" Shangazi alikuwa anapiga mlango kwa mwiko. "Mgeni yuko uani, nawe umelala kama mzigo wa magimbi! Umefikiria utamwambia nini?"

"Ndiyo, shangazi."

"Utamwambia nini?"

Nilifunga kitenge, nikabeba picha nikiwa nimeigeuzia tumboni, nikatoka.

Mama Shechambo alikuwa mmoja. Nilihesabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Egemeza hapo niione kwa mwanga." Akaangalia. "Haya, mwanangu, bei gani?"

Kidole changu kikaanza. Nikakikanyaga kwa mguu mwingine.

"Elfu sabini na tano."

Shangazi, aliyekuwa anakoroga uji, akaacha kukoroga. Mama Shechambo hakushtuka wala hakuangalia geti. Aliinama mbele ya picha, mikono kiunoni, akaanza kuwapitia kanga mmoja mmoja kutoka mbele ya mstari. Alipofika mwisho wa mstari akasogeza uso.

"Mbona huyu wa mwisho anaangalia kulia, na wenzake wote kushoto?"

Nikatazama. Kweli, anaangalia kulia. Jana jioni, kabla sijalala, niliihesabu midomo yao, kumi na mitatu, yote kushoto.

Maneno yakanijaa kinywani kama kawaida. Nimekosea, mama. Nitamrekebisha, mama. Basi nitapunguza. Niliyameza, na yaliteremka kwa shida kama dawa ya kidonge bila maji. Uji ukaanza kuungua na hakuna aliyesogea. Niliutazama uso wa Mama Shechambo, siyo ardhi, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba ana alama ndogo ya kovu juu ya jicho.

"Kama mtu aliyesahau kitu nyumbani," akasema mwishowe, akacheka peke yake. "Huyu huyu ndiye nampenda. Nitamweka mapokezi, wageni wamuulizie." Akafungua mkoba. "Nifungie vizuri. Ina pacha hii? Chumba cha juu nacho kina ukuta mtupu."

"Naweza kuchora ndogo, futi mbili kwa mbili," nikasema. "Elfu hamsini."

Namba ilinitoka bila kusukumwa. Shangazi akanigeukia kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea.

Zilikuwa noti saba za elfu kumi, na noti moja ya elfu tano. Shangazi alizihesabu mara mbili, akazikunja, akanirudishia zote mkononi. Juu ya Jumatatu hakusema kitu. Aliepua uji, akaenda kuwapa kuku chakula, na baada ya muda nikamsikia kule bandani.

"Nani amefunua debe langu la pumba? Nilifunika mwenyewe jana, nikaweka na jiwe!"

Nilikuwa nimepiga magoti, naifunga picha kwa magazeti, na mdomoni mwa kanga wa kumi na tatu palikuwa na chembe ya pumba, kavu, ya kweli. Niliipangusa kwa kidole kabla mwenye pumba hajaiona.